Kilio cha Bi Shubiri

Kwanza tuwekane sawa kuhusu jina. Hakuna mzazi aliyemtazama mwanawe mchanga akaamua kumwita Shubiri. Mama huyu alikuwa na jina zuri tu, la bibi yake mzaa baba, lakini tangu alipoanza kuigiza mama wa kambo aitwaye Shubiri kwenye mchezo wa redio, jina lile lilikwenda na maji. Sokoni aliitwa Bi Shubiri. Zahanatini aliitwa Bi Shubiri, tena kwa sauti, mbele ya wagonjwa. Hata fundi viatu, mtu asiyekumbuka kiatu kipi ni cha nani, yeye alimkumbuka bila kufikiri.

Mchezo wenyewe ulikuwa umewateka watu. Kila Jumamosi alasiri redio zilifunguliwa nyumba kwa nyumba, na ungeweza kutembea mtaa mzima bila kukosa neno. Ulihusu mtoto yatima aitwaye Mkiwa, aliyeachwa mikononi mwa mama wa kambo asiye na chembe ya huruma. Mkiwa alilazwa na njaa, akaamshwa alfajiri kuteka maji, akapigwa kwa kosa na kwa lisilo kosa. Watu walilia, wacha wee. Wanaume wazima wenye ndevu walijifanya wameingiwa na vumbi machoni. Sasa mtu akishalia hivyo, huruma yake huzaa hasira, na hasira lazima itue mahali. Mwandishi hakuwa akionekana. Mkiwa mwenyewe hakuwepo. Aliyekuwepo, anayepita na kikapu chake kutafuta vitunguu, alikuwa yeye.

Muuza nyanya alimwambia nyanya zimekwisha, na nyanya zimejaa mezani zinamtazama. Kwenye foleni ya maji bibi mmoja alimpangia ndoo mbele, akamwambia angoje kidogo, kama anavyomngojesha Mkiwa chakula. Mwanzoni Bi Shubiri alicheka. Mcheza kwao hutunzwa, na yeye alijiambia kwamba hii ndiyo tuzo yake. Wakikuchukia kwa sauti tu, basi kazi umeiweza. Mimi ningemshauri asicheke sana, lakini nani aliniuliza.

Huko studio mambo yalikuwa mengine kabisa. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na joto lake si la kusimulia. Mkiwa aliigizwa na mama mnene wa watoto wanne, aliyejaliwa sauti ndogo kama ya filimbi. Wasikilizaji walimletea Mkiwa magauni na soksi za shule. Soksi hazikumwingia hata kidole gumba, kwa hiyo aliwapelekea wanawe na kuwaombea heri waliotoa. Kofi nalo lilikuwa na ufundi wake. Fundi mitambo alivua kandambili, akailowesha maji, akajichapa nayo pajani mbele ya kipaza sauti. Kila Bi Shubiri alipompiga Mkiwa, aliyeumia ni fundi mitambo, na hakuna aliyewahi kumletea soksi.

Mwandishi ndiye aliyekuwa pia mwongozaji, na alikuwa na sharti moja lisilopinda: hakuna kusoma karatasi wakati wa kurekodi. Alisema msikilizaji anayasikia macho yako yakitembea kwenye maandishi. Maneno yote yakae kichwani. Basi siku chache kabla ya kurekodi kila mmoja alipewa kurasa zake akajifunzie nyumbani, na hapo ndipo kisa chetu kilipoanzia, nyumbani.

Bi Shubiri hakuwa na mtoto wa kuzaa. Alikuwa na Kasuku. Kasuku alikuwa binti wa marehemu dada yake, na baba wa mtoto aliondoka kutafuta kazi akapotelea hukohuko, asitume salamu wala habari. Bi Shubiri alimchukua mtoto hajajua hata kusema. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na yeye aliipokea kazi hiyo pale palipo pagumu, akakesha na homa, na meno, na hofu za giza. Jina la Kasuku lilitokana na ulimi wake: neno likipita karibu naye alilirudia, na alipojua kusoma alisoma kila kitu, mpaka karatasi ya sabuni. Alimwita Bi Shubiri mama mdogo, kama inavyopasa, lakini akilala nusu usingizi lile neno mdogo lilidondoka. Bi Shubiri hakumsahihisha. Ungemwondolea nyumba, ungemwondolea redio, angejikongoja. Kasuku ndiye aliyekuwa maisha yake, na hilo lazima mlijue tangu sasa.

Walikaa katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na ukuta wa mbao uliowatenganisha na jirani mshonaji. Meza ilikuwa moja. Hapo walikula, hapo mtoto alifanya hesabu zake, na hapo walifanya mazoezi. Kasuku alisoma maneno ya Mkiwa, mama yake mdogo akajibu kwa kichwa, bila karatasi. Siku ya kwanza kabisa Bi Shubiri alipoitoa ile sauti yake ya kazi, mtoto aliangua kilio cha kweli, akajificha nyuma ya pazia, na kumtoa ilikuwa shughuli. Ndipo wakapatana. Kabla ya kuanza, mama mdogo angegonga meza mara mbili: sasa tunaingia kwenye mchezo. Wakimaliza angegonga tena: tumetoka. Katikati ya kugonga na kugonga, chochote kisemwacho hakina mwenyewe. Kasuku aliupenda mpango huo kupita kiasi. Hakuridhika na kusoma tu. Alilia, alisihi, aliongeza vilio ambavyo mwandishi hakuviandika.

Wiki moja kurasa zilikuja na kisa kizito. Mkiwa amevunja chungu cha maji, na Bi Shubiri anamshika mkono na kumtishia kuumwagia maji ya moto. Walifanya mazoezi jioni mapema, birika likiwa jikoni linachemka kwa ajili ya chai, nalo likanguruma vizuri kama limelipwa. Mama mdogo akagonga meza mara mbili, kidogo, kwa kidole kilichokunjwa. Kisha akanguruma. Kasuku akapiga mayowe, akaomba msamaha, akasema mkono wangu, mkono wangu, hata mwenyewe akajishangaa. Upande wa pili wa mbao cherehani ilinyamaza. Hawakusikia, kwa sababu ni nani anayesikia kitu kilichonyamaza? Walipomaliza mama mdogo aligonga tena, na akacheka mpaka akashika mbavu, kwa jinsi mtoto alivyomzidi kwa ufundi. Kasuku mwenyewe hakucheka, maana alikuwa na mdomo uliojaa mkate.

Sasa jirani mshonaji. Msimfikirie vibaya, mimi nilijaribu, nikashindwa. Alikuwa mwanamke mwema. Aliwashonea bure watoto wasio na sare, na kila Jumamosi alisimamisha kazi ili amlilie Mkiwa vizuri. Alijua kabisa kwamba jirani yake ni mwigizaji na kwamba anafanya mazoezi nyumbani. Kwa hiyo aliposikia yale mayowe hakukurupuka. Alijiambia angoje Jumamosi. Ikiwa maji ya moto yatatoka redioni, basi amesikia mazoezi tu, na atamwomba Mungu msamaha kwa dhana mbaya.

Jumamosi maji ya moto hayakutoka. Mwandishi alikuwa amekifuta kisa kile dakika za mwisho, pale pale studio. Alisema hata ukatili una kipimo chake, ukizidisha msikilizaji anafunga redio. Badala yake akamtia mwanamke jirani, aliyekuwa akimsikia Mkiwa akiteswa na kunyamaza, na sasa anajuta. Yule jirani wa mchezo alisema maneno ambayo kesho yake yalikuwa midomoni mwa kila mtu: "Tuliosikia tukanyamaza, mikono yetu ilikuwa kwenye fimbo ile ile." Mshonaji aliyasikia akiwa ameketi mbele ya cherehani, akakumbuka yale mayowe ya Kasuku.

Kuanzia hapo alianza kumwita Kasuku kwa siri. Alimpa mkate, akampandisha mikono ya gauni, akamtazama goti, na goti lilikuwa na kidonda, kama goti la kila mtoto anayekimbia. Akamuuliza kwa upole, wanafanya nini humo ndani na mama yake mdogo. Kasuku alimjibu kweli tupu. "Tunacheza tu," alisema.

Ole wake. Katika mchezo, wiki kadhaa nyuma, mwalimu alimuuliza Mkiwa kuhusu alama za mgongoni, na Mkiwa akajibu maneno hayo hayo kwa kumwogopa mama wa kambo. Nchi nzima ililia kwa hayo maneno mawili. Mshonaji alimkumbatia mtoto, akafunga kazi, akaenda kumtafuta baba mkubwa.

Baba mkubwa, kaka wa yule baba aliyepotea, alikuwa seremala. Alikuwa mtu wa pole, asiyejua kupaza sauti, na mchezo hakuukosa hata mara moja. Karakana yake ilisimama msumeno ukiwa katikati ya ubao. Alimsikiliza mshonaji mpaka mwisho. Hakuja siku ile wala siku iliyofuata. Alipokuja, Jumapili asubuhi, alikuja na mkewe na mshonaji, na nje ya mlango aliacha mkokoteni uliobeba kitanda kidogo kipya, cha mtoto, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa. Bi Shubiri alipokiona kile kitanda alielewa kabla hajaambiwa.

Waliketi. Baba mkubwa alimwita shemeji, akauliza hali, akasema hakuja kwa ugomvi. Mtoto ni damu yao pia, na kuna maneno yamesemwa. Lisemwalo lipo, alisema, na kama halipo laja, na yeye hataki lije akiwa amekaa tu. Bi Shubiri akaeleza. Akaeleza kuhusu mazoezi, kuhusu kisa cha maji ya moto, kuhusu mwandishi alivyokifuta. Wakamuuliza kurasa ziko wapi. Alikuwa amewashia jiko, kama alivyowashia kurasa zote. Mshonaji, machozi yakimlengalenga, alisema angependa sana kuamini, lakini yeye alisikia kwa masikio yake. Tena si mayowe tu. Baada ya mayowe alisikia kicheko, na kicheko kilikuwa cha mtu mzima, cha mtoto hakikuwepo.

Hapo Bi Shubiri alituma mtu akamwite mwandishi. Alijiambia huyu akija mambo yatakwisha, maana mtu aliyeubuni uongo si ndiye anayejua ni uongo? Mwandishi alikuja, shati limevaliwa haraka, vifungo havijakutana na matundu yake. Baba mkubwa alisimama akampa mikono yote miwili, kwa heshima. Mwandishi akathibitisha yote. Ndiyo, kisa kiliandikwa. Ndiyo, alikifuta mwenyewe. Mama huyu ni mtu mwema, mpole, na ule ni mchezo tu.

Baba mkubwa alimsikiliza huku akizitazama sugu za viganja vyake.

"Mwalimu," alisema, "wewe ndiye uliyetuambia tuliosikia tukanyamaza, mikono yetu iko kwenye fimbo."

"Nilisema, lakini ilikuwa hadithi."

"Kama ilikuwa hadithi tu, mbona ulitutoa machozi?"

Mwandishi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa kazi yake, kila wiki aliyatoa kama maji ya bomba, na siku ile bomba lilikauka. Angesema msiamini nilichoandika? Alikuwa amekiandika ili waamini. Angesema nyamazeni mnaposikia mtoto analia? Alikuna kichwa, akatazama chini, na Bi Shubiri aliyekuwa akimtegemea akaona mtegemewa wake anazama.

Wakamwita Kasuku. Aliingia akiwa amevaa gauni lake la Jumapili, akasimama kando ya meza. Baba mkubwa alichuchumaa ili macho yao yalingane, akamuuliza kama mama yake mdogo humpiga au humchoma. Mtoto akamtazama mama mdogo, kama mtoto yeyote anavyomtazama mtu wake akiulizwa na watu wazima, kisha akasema hapana, tunacheza tu. Mke wa baba mkubwa aliziba mdomo kwa mkono. Alisema chinichini, maskini, ameshafundishwa, na akaanza kulia.

Jamani, mtu akizama hushika hata jani. Bi Shubiri alifikiri kwamba akiwaonyesha, wataona. Wakiona jinsi mtoto anavyoingia na kutoka, jinsi anavyofurahi, watacheka wote na kitanda kitarudi karakana. Alimwambia Kasuku, njoo mwanangu, tuwaonyeshe kile kisa cha chungu. Akagonga meza mara mbili. Akatoa ile sauti.

Chumba kizima kilitetemeka. Hawakuwahi kuisikia hivyo, karibu, bila redio. Mshonaji aliruka kitini. Kasuku alikuwa amezungukwa na watu wazima wanaolia, mwandishi amekunja uso, na katikati yao mama yake mdogo ananguruma. Maneno ya Mkiwa yakamtoka kichwani. Yeye aliyejua kila neno hakupata hata moja. Akaangua kilio kile cha siku ya kwanza kabisa, akakimbia. Hakukimbilia nyuma ya pazia. Alikimbilia kwenye magoti ya mke wa baba mkubwa, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu.

Bi Shubiri alibaki na mkono wake juu ya meza. Aligonga tena, tumetoka, tumetoka, lakini hakuna aliyekuwa akisikiliza kugonga. Ndipo akapiga magoti. Alimsihi baba mkubwa asimchukulie mtoto, akasema hana mwingine, akalia kwa sauti iliyokatikakatika na kwikwi mwishoni. Kilio kilitoka ndani kabisa, pale anapomweka dada yake na mtoto wa dada yake, na hakikuwa na chembe ya uongo. Baba mkubwa alikitegea sikio. Uso wake ulikuwa umeanza kulegea, kisha ukakakamaa.

"Kilio hiki nilishakisikia, shemeji," alisema. "Ulilia hivi hivi redioni, kwa mwenye mji, ili akurudishie Mkiwa."

Na alikuwa amesema kweli. Wakati wa kurekodi kisa kile, mwandishi alimwambia asitengeneze kilio, akichukue pale anapokihifadhi. Yeye akakichukua pale. Alikuwa na kilio kimoja tu moyoni, alikuwa ameshakitoa kazini, na sasa alipokihitaji nyumbani watu walikwishakijua kuwa ni cha uongo. Huwezi kwenda kuazima kilio kwa jirani.

Mtoto alichukuliwa. Walisema ni kwa muda, mambo yatulie, na mama mdogo atakuja kumtembelea atakapo. Mshonaji alimfungia nguo kwenye kifurushi, akazikunja vizuri kuliko zilivyowahi kukunjwa. Kitanda hata hakikushushwa. Kilirudi na mkokoteni ule ule, na Kasuku ameketi juu yake.

Bi Shubiri alikwenda kumwona wiki iliyofuata. Alimkuta katika nyumba iliyojaa watu wanaompenda, na hilo siwezi kulikataa. Amesukwa nywele, amevishwa gauni jipya, na kila jirani aliyepita alimpapasa kichwa akisema maskini mtoto. Mtoto akiambiwa maskini asubuhi, mchana na jioni, mwishowe hukaa kimaskini. Kasuku alizungumza kwa sauti ndogo. Hakurudia neno la mtu. Baba mkubwa aliketi nao ukumbini, akichonga mguu wa stuli, akijitia hasikii.

Walizungumza habari za shule. Kisha mtoto akafikiri kidogo, akauliza.

"Mama mdogo, siku ile niliyovunja kikombe, ukanigombeza. Uligonga meza?"

Bi Shubiri alikikumbuka kikombe. Kilikuwa cha marehemu dada yake, cha maua ya buluu. Alikuwa amechoka siku hiyo, muuza nyanya alikuwa amemfanyia visa, na alimpigia mtoto kelele, kelele za kweli, akamwambia hana akili. Jioni alimwomba radhi na wakalala wamekumbatiana. Angeweza kusema ndiyo, niligonga, hukusikia tu. Lakini hakuwahi kumdanganya.

"Hapana," alisema. "Siku ile sikugonga."

Kasuku akaitikia kwa kichwa polepole, akiiweka habari hiyo mahali. Baba mkubwa aliacha kuchonga. Hakumfukuza. Alimletea maji ya kunywa na kumsindikiza mpaka barabarani. Njia nzima ya kurudi Bi Shubiri alikuwa akijilaumu kwa kusema kweli, kisha akijilaumu kwa kujilaumu.

Siku ya kurekodi ilifika, maana redio haina matanga. Mwandishi alijaribu kumwangalia machoni akashindwa. Katika kurasa za wiki hiyo Mkiwa anaokolewa: ndugu zake wa upande wa baba wanakuja kumchukua, na Bi Shubiri anabaki peke yake na ubaya wake. Mwandishi aliapa alikuwa ameyaandika zamani, kabla ya yote, na mimi namwamini. Watu hawa huandika mambo kabla hayajatokea, na hawapati faida yoyote kwa kuyajua. Bi Shubiri alikuwa na wazo lake, na wazo hilo ndilo lililomtoa kitandani asubuhi. Alijua kule kwa seremala Jumamosi redio itafunguliwa, na Kasuku atakuwa ameketi katikati yao. Hakukuwa na njia nyingine ya sauti yake kuingia nyumba ile bila mtu kuichungulia.

Akasogea kwenye kipaza sauti. Kabla ya neno lake la kwanza, la kumtukana Mkiwa, akagonga meza mara mbili kwa kidole kilichokunjwa.

Fundi mitambo akainua mkono, akasimamisha. Alisema kuna kitu kinagonga. Wakarudia, naye akagonga tena. Fundi akavua visikizio vyake, akaja mpaka mezani, akamwambia kwa upole, dada, ni wewe unayegonga, watu watadhani kuna mgeni mlangoni. Bi Shubiri akamwomba amwachie agonge japo mara moja tu, kidogo, hakuna atakayejali. Fundi alimsikitikia. Lakini fundi ni fundi. Hajawahi kuruhusu hata mbu apite kwenye kazi yake. Alimwambia labda aweke mikono mapajani. Yule mama mnene aliyeigiza Mkiwa akamshika kiganja, akakilaza pajani kwake, akakibana hapo kwa upendo kabisa ili kisimsumbue tena.

Akasema maneno yake hivyo, mkono umeshikwa. Hakukosea hata moja. Alipofika kwenye kilio akalia, na fundi mitambo alipomaliza akainua kidole gumba, akasema hiki ni kizuri kuliko kile cha kwanza.

Jumamosi alasiri Bi Shubiri aliketi nyumbani mbele ya meza yake. Redio yake hakuifungua. Haikuwa na haja, mtaa mzima ulikuwa umefungua. Cherehani ya jirani ilinyamaza kwa wakati wake. Sauti yake mwenyewe ikamjia kupitia mbao, ikimtukana mtoto, safi, bila kugonga kokote, na wakati ule ule ilikuwa ikiingia nyumbani kwa seremala, ikimpata mtoto aliyeketi kimya na swali la kikombe kichwani. Ndugu wakaja, Mkiwa akaokolewa, Bi Shubiri wa redioni akabaki akilia. Nyuma ya mbao mshonaji alikuwa akilia naye, kwa furaha, kwa ajili ya Mkiwa.

Bi Shubiri akainua mkono akagonga meza mara mbili, kwa nguvu kuliko walivyozoea. Akangoja. Akagonga tena, mpaka vikombe vikacheza.

Upande wa pili wa mbao, jirani aliongeza sauti ya redio.